Kabla ya kufungua mfuko wa saruji, gonga sakafu yako

Nyumba ya mama yetu iko Walukuba, Jinja. Kwa miaka mingi, mama akipiga deki chumba chake, maji yote yalikimbilia chini ya kitanda, na kabati lake lilisimama kwa kuwekewa kibao mguu mmoja. Tulipoanza kuikarabati, fundi wa kwanza alitazama kwa macho tu, akasema kazi ni ya siku moja. Akamwaga saruji na mchanga juu ya sakafu kuukuu, safu nyembamba kama chapati, akapiga niru, yaani saruji ya kulainisha juu, ikang'aa. Miezi mitatu haikuisha. Ilianza kulia tupu chini ya visigino, kisha ikabanduka vipande vipande, na mama akahamia kulala sebuleni.

Fundi wa pili, mzee wa makamo, siku ya kwanza hakugusa saruji kabisa. Alishika kipande cha nondo akagonga sakafu yote, hatua kwa hatua, ameinamisha sikio. Penye mlio mzito alipita. Penye mlio wa debe alichora duara kwa chaki, akaniambia, "Mwanangu, hapa pamekufa." Mahali pote palipochorwa tulipachimbua kwa tindo hadi kwenye zege gumu. Kwenye pembe ya kitanda tukakuta udongo umezama, kwa kuwa nje ya ukuta huo maji ya paa yalikuwa yakidondoka kila mvua ikinyesha. Basi tukaanzia nje, tukaweka mfereji, ndipo tukarudi ndani kushindilia moramu na kumwaga zege la kokoto. Nakusihi, kama kilichozamisha sakafu bado kipo, usisawazishe kitu.

Kupima nako kuna njia yake. Pima maji fupi haitoshi kwa chumba kizima. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji na utoe mapovu yote, maana povu moja tu linapotosha kipimo. Maji ya ncha mbili yakitulia, yako usawa mmoja. Tia alama kwenye kuta zote, unganisha kwa uzi wa chaki, kisha pima kutoka kwenye mstari kwenda chini. Kwetu, mlangoni palikuwa sentimita 97 na kitandani 101. Penye kipimo kifupi ndipo palipoinuka zaidi, na hesabu yote huanzia hapo, kwa sababu hata pale unahitaji unene wa sentimita 3 hivi. Safu ya sentimita moja, kama ile ya fundi wa kwanza, haina nguvu ya kushika.

Usiku wa kuamkia kazi, sakafu kuukuu iliyochongwa mikwaruzo ilowe maji. Asubuhi paka uji wa saruji, na mchanganyiko uje juu yake ukiwa bado mbichi. Uji ukikauka kwanza, huwa ukuta kati ya safu mbili. Tulitumia ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga wenye chembe kubwa, si ule laini wa lipu. Ukifumbata konzi yake, ishikamane bila kuchuruza maji. Fundi hutangulia kuweka mikanda, yaani mistari ya mchanganyiko huohuo, kwa kipimo, halafu hujaza katikati na kuvuta kwa ubao mnyoofu.

Siku 7 zilizofuata tuliifunika kwa magunia yaliyoloweshwa asubuhi na jioni. Ukitaka kuweka vigae, subiri. Kwa kawaida safu hukauka milimita 1 kwa siku, na msimu wa mvua huchelewa zaidi. Bandika kipande cha nailoni sakafuni usiku mzima, gundi pande zote. Ukikuta matone chini yake, bado.

Mlango wa mama tuliukata chini sentimita 3, jambo ambalo ni bora ulikumbuke mapema kama milango yako ni ya chuma. Na bafuni usilaze sakafu sawasawa: iache iteremke kama sentimita 1 kwa kila mita kuelekea tundu la maji.