Kisahani kinatoa cheche, jiwe halikatiki

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Mafinga. Nilipita Mbeya nikauziwa kwa bei ya kutupa vipande viwili vya mabamba ya mawe, mabaki ya kazi ya mtu. Kimoja kina rangi ya maziwa, michirizi ya kahawia na vitundu vitundu. Kingine ni cha kijivu chenye madoa meusi na chembe zinazometameta. Vyote vina unene wa sentimita 2. Nataka hicho cha kijivu kiwe kaunta ya kunawia mikono kibarazani, na cha vitundu kiwe meza ndogo yenye kona za mviringo. Shemeji aliniletea mashine ndogo ya kuzunguka, ile inayoshikwa kama kalamu nene, pamoja na visahani vya almasi. Nimeanza na cha kijivu. Sentimita 8 za kwanza zilikwenda vizuri, sasa kisahani kinatoa cheche na harufu ya kuungua, na mfereji hauzami hata nikikandamiza. Kimekwisha? Na nikinunua grainda naweza kukata pakavu? Naogopa kuchanganya maji na umeme.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Chomoa mashine kwenye umeme, subiri kisahani kipoe, kisha pitisha ukucha kwenye ukingo wake. Ukikuta bado unakwaruza kama msasa, kimeziba tu. Ukikuta unateleza kama ukingo wa sarafu, kimekwisha, na cheche unazoziona ni bati lenyewe linasuguliwa na jiwe.

Visahani vingi vya mashine hizo ndogo ni bati jembamba lililopakwa vumbi la almasi tabaka moja. Likiondoka hilo, hakuna jingine chini yake. Diski nzuri za grainda ni tofauti: almasi zimechanganywa ndani ya chuma cha ukingo, toka juu hadi ndani. Jiwe linakula chuma hicho taratibu, almasi butu zinadondoka, mpya zinachomoza. Ndiyo maana diski hiyo ikiacha kukata hutupi. Unachukua tofali la simenti, lile la mchanga mwingi linalochubuka hata kwa mkono, unakata mifereji minne mitano humo, chuma kinalika, almasi zinatokeza tena. Wengi hutupa diski nzima kwa kutolijua hili, na wenye maduka hawana haja ya kuwaambia.

Mbao unaikata kwa meno. Jiwe unalisaga. Diski ya almasi haina jino hata moja. Inakwangua punje kwa punje kama mama anavyosaga karanga kwenye jiwe. Kwa hiyo nguvu ya mkono wako haisaidii. Ukikandamiza unaongeza joto, na joto ndilo linaloua almasi na kupinda bati. Uzito wa mashine yenyewe unatosha. Kazi yako ni kuiongoza.

Tatizo lako la pili ni hesabu. Kisahani cha milimita 22 ukiondoa sehemu inayoshikwa katikati, kinazama milimita 6 hivi. Bamba lako ni milimita 20. Hata ukate juu na chini, katikati patabaki. Mashine ya shemeji ni nzuri, ila si ya kazi hiyo. Iweke, tutaihitaji mwishoni.

Sasa mawe yenyewe, maana umechukua mawili yasiyofanana hata kidogo. Kamulia tone la ndimu upande wa chini wa kila kimoja. Hilo la maziwa litatoa povu. Ni travatini, na kwa kuwa umelinunua Mbeya nakisia limetoka Songwe, ambako maji ya chemchemi za moto yaliacha chokaa tabaka juu ya tabaka. Vitundu ni njia za gesi na majani yaliyooza humo zamani. Ni jiwe laini. Kwenye kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10 lipo kwenye 3, msumari wa chuma unalikwaruza. La kijivu halitatoa povu. Hilo ni granaiti, ndugu wa majabali yanayozunguka Iringa, Gangilonga likiwemo. Chembe zinazong'aa kama kioo ni kwatzi, ugumu wake 7, kisu hakiachi alama. Ulianza na gumu, mwalimu. Anza na la maziwa, uharibu humo kwanza.

(Dukani ukisema unataka diski ya kukatia marumaru, watakupa ya kukatia vigae vya sakafuni, maana kwetu kigae chochote ni marumaru. Kwa bahati ndiyo hiyo hiyo unayoitaka kwa travatini: ukingo mzima usio na mapengo, inakata polepole lakini haimegi kingo. Kwa granaiti chukua yenye ukingo wa mawimbi. Ile yenye mapengo makubwa ni ya zege na matofali, itakumegea uso wa jiwe ulie.)

Nunua grainda ndogo, ya diski ya milimita 115. Soma namba iliyoandikwa kwenye diski: kwa kipimo hicho huwa ni mizunguko 13,300 kwa dakika, na grainda ndogo huzunguka 11,000 hivi, kwa hiyo upo salama. Diski kubwa ya milimita 230 mwisho wake ni kama 6,600. Nimeona vijana wanang'oa kinga ya grainda ndogo ili diski kubwa iingie. Usifanye hivyo hata kama fundi wa jirani anafanya kila siku. Diski ikipasuka kwa mwendo huo, vipande havichagui pa kwenda.

Kuhusu kukata pakavu: kwa travatini nje, penye upepo, inawezekana ukivaa barakoa ya kweli. Kwa granaiti nakusihi usifanye. Mara nyingi robo hivi ya granaiti ni kwatzi, na ukiisaga pakavu inakuwa vumbi laini kiasi kwamba lile linaloua hulioni kabisa. Linakaa ndani ya mapafu, linatengeneza makovu, na makovu hayo hayana dawa. Ugonjwa unaitwa silikosisi, wachimba madini wanaujua vizuri, na aliye nao anapata kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko wengine. Australia imepiga marufuku tangu Julai 2024 mabamba ya jiwe la kutengenezwa kiwandani, yale ambayo kwatzi yake huweza kupita asilimia 90, kwa sababu mafundi wao vijana walikuwa wanaugua. Kitambaa ulichojifunga puani hakizuii kitu. Tafuta barakoa ya N95 au FFP2 kwenda juu, inayobana pua, na ndevu nyoa. Ukimaliza usifagie pakavu. Mwagia maji kwanza. Nguo za kazi zisifuliwe na za watoto.

Hofu yako ya maji na umeme ni ya haki. Grainda ya kawaida haikutengenezwa inyeshewe. Ukipata ya betri, nunua hiyo, hofu yote inaisha. Ukiwa na ya waya, usimwage maji kwa mpira. Lowanisha jiwe kwa sponji, kata kidogo, ondoa mashine, nyunyiza tena kwa chupa ya kupulizia, endelea. Waya upite juu ya bega lako, soketi iwe mahali pakavu palipoinuka, na mwite fundi umeme afunge swichi inayojikata umeme ukivuja, ya milliampea 30. Vaa buti za mvua. Kwa granaiti, njia rahisi kuliko zote ni kumlipa fundi vigae mwenye mashine ya meza yenye beseni la maji akukatie mistari iliyonyooka. Si aibu. Mimi mwenyewe nina karakana na bado siku nyingine napeleka kazi kwa mwenzangu mwenye mashine kubwa.

Ukikata mwenyewe, laza bamba juu ya mchanga uliosawazishwa, si juu ya stuli mbili. Wanaoanza hukosea hapo: mstari unakaribia kwisha, upande mmoja unaning'inia, jiwe linajivunja lenyewe pembeni ya mstari. Bandika utepe wa karatasi juu ya mstari, chora juu yake. Unazuia kumeguka na penseli inaonekana hata jiwe likilowa. Funga ubao ulionyooka uwe reli. Pita ya kwanza ni milimita 2 tu, mfereji wa kuongoza. Baada ya hapo milimita 4 au 5 kila pita, na kati ya pita na pita iache mashine izunguke hewani sekunde kumi ipoe. Simama pembeni ya mstari wa diski, usisimame nyuma yake.

Kona za mviringo. Diski haipindi. Ukilazimisha ipinde ndani ya mfereji inabana, na mashine inakurukia. Chora mviringo wako, kisha kata mistari mifupi iliyonyooka kutoka ukingoni hadi karibu na mviringo, imepangana kama meno ya kitana, sentimita moja moja. Yavunje meno hayo kwa koleo. Kinachobaki ni ngazi ngazi, unazisaga hadi zilainike. Jiwe ukilionesha njia linavunjika unapotaka. Waliokaa Isimila enzi za mawe, pale unapopita ukitoka Mafinga kwenda Iringa, walikuwa wanachonga mashoka ya mawe kwa ujuzi huo huo bila umeme.

Kaunta ya kunawia nina ushauri wa kukupunguzia kazi: usikate tundu la beseni. Nunua beseni la kukaa juu ya kaunta, utahitaji tundu moja tu la bomba la maji machafu, milimita 45 hivi. Hilo linatobolewa kwa biti ya almasi yenye umbo la kikombe, kwenye dirili ya mwendo mdogo iliyozimwa nyundo. Tengeneza pete ya udongo wa mfinyanzi kuzunguka alama, jaza maji, toboa taratibu. Kama unang'ang'ania tundu kubwa, basi usiache kona kali ndani yake. Nilimharibia mteja kaunta yake Kihesa, Iringa, miaka ya mwanzo kwa kona kali. Tumelibeba bamba hatua tatu, ufa ukaanzia pale pale konani. Nilinunua lingine kwa mfuko wangu.

Hapo ndipo mashine ya shemeji inapoingia. Biti zake ndogo za almasi, mwendo wa kati, sponji yenye maji kando, ndizo zitakazolainisha ndani ya tundu na kuvunja ukali wa kingo zote. Ukitaka kuandika jina chini ya meza, ni hiyo hiyo.

Kung'arisha travatini kunataka msasa wa maji na subira: 120, 220, 400, 800, usiruke namba hata moja, maana mikwaruzo ya namba uliyoruka itaonekana mwishoni. Vitundu jaza kwa simenti nyeupe iliyochanganywa na unga wa jiwe lenyewe ulioukusanya. Halafu mtu asiache ndimu juu ya meza hiyo. Povu uliloliona ndilo litakalokula mng'ao. Granaiti kwa msasa wa mkono utazeeka. Nunua pedi za almasi za kuanzia 50 hadi 3000, ila kwenye grainda inayopunguza mwendo. Kwa mizunguko 11,000 pedi hizo zinaruka vipande.

Na unapohamisha granaiti yako, ibebeni imesimama kama mlango. Mita moja ya mraba kwa unene huo ina kilo 54 hivi, na bamba lililobebwa limelala linaanza kupasuka kwa uzito wake lenyewe kabla hamjafika kibarazani.