Mizani ilinifanya niache mazoezi mara tatu

Niseme ukweli tu, mimi mazoezi nimeyaanza na kuyaacha mara tatu kabla ya hii ya sasa, na mara zote aliyeniponza ni mizani. Naanza Jumatatu kwa fujo, nakimbia mpaka naona nyota, wiki mbili baadae napanda kwenye mizani nakuta imepungua nusu kilo, nikinywa maji hiyo nusu kilo imerudi, basi narudi zangu kwenye kochi.

Kilichonishtua safari hii ni ngazi. Lifti ya kazini iliharibika, nikapanda ghorofa tatu huku naongea na simu, kufika juu sentensi inakatika katikati, jamaa upande wa pili ananiuliza vipi, unakimbizwa? Na nilikuwa na miaka 38 tu jamani. Wiki hiyo hiyo nikaenda kupima presha ikasoma 148 kwa 94, nesi akanikalisha dakika kadhaa akapima tena, ikashuka kidogo tu. Akaniambia nirudi wiki ijayo wapime upya, ila kutembea anza leo.

Nikaanza na dakika 10 baada ya chakula cha usiku. Kumi tu, hata raba sikununua. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ukiyafanya makali 75 zinatosha, na 150 ukisikia hivi hivi unakata tamaa lakini ni nusu saa siku tano, na unaweza kuzivunja vunja vipande. Wastani maana yake unaweza kuongea ila kuimba huwezi. Mimi nilijaribu kuimba kweli, niliopishana nao njiani wakanipisha mbali kidogo.

Sasa sikiliza, cha kwanza kubadilika sio kitambi, ni usingizi. Kama wiki ya tatu hivi nikagundua siku hizi nikilala nimelala, zile habari za kuamka saa nane usiku na kuangalia dari zimepungua. Halafu pumzi. Moyo nao ni msuli, ukiuzoesha kazi kila pigo moja linasukuma damu nyingi zaidi kwa hiyo hauna haja ya kupiga haraka haraka, mapigo yangu ya asubuhi kabla sijatoka kitandani yalikuwa 84 na baada ya miezi minne yakawa 68, hiyo nimehesabu mwenyewe kwa vidole shingoni. Presha nayo ikashuka taratibu. Na kule kutembea baada ya kula kuna faida yake, msuli ukiwa kazini unavuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kusubiri insulini, ile homoni ya kuingiza sukari kwenye msuli, iusukume, ndio maana wenye sukari wanasisitiziwa sana mazoezi.

Kuna utafiti mmoja wa zamani naupenda sana, wa Jerry Morris, mtafiti wa afya wa Uingereza, ulitoka 1953. Aliangalia wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, dereva amekaa siku nzima, kondakta anapanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi, na makondakta ndio walikuwa wanaugua moyo kidogo kuliko madereva. Hakuna jimu hapo. Ngazi tu!

Mizani? Miezi minane, kilo nne. Basi. Uzito kwa sehemu kubwa unaamuliwa na sahani, ukitegemea mazoezi peke yake yakukondeshe utaacha kama nilivyoacha mimi, bora uhesabu vitu vingine, tundu la mkanda, ngazi, usingizi.

Nilipokosea ni kuongeza kasi mwezi wa pili, nikaanza kukimbia kila siku, goti likavimba nikakaa wiki mbili nyumbani. Misuli kuuma kesho yake na keshokutwa ni kawaida, inaisha yenyewe, ila kiungo kikiuma unapumzika, na kifua kikibana au ukihisi kizunguzungu unasimama hapo hapo unatafuta hospitali, usijikaze. Na kama unameza dawa za presha au sukari ongea na daktari wako kwanza, dawa usiache kisa umeanza kujisikia vizuri.

Kitu nilichokidharau zaidi ni mazoezi ya nguvu, wanashauri angalau siku mbili kwa wiki na mimi nilijua ni ya wanaotaka vifua. Kumbe kuanzia miaka ya thelathini na kitu misuli inaanza kupungua yenyewe polepole usipoitumia. Nilianza kwa kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, mara kumi, na pushapu za ukutani, baadae nikahamia mezani, sasa hivi niko chini kabisa, pushapu sita safi, ya saba natua na kidevu.