Kwa wanaoanza kusoma historia ya vita: kabla ya Bonaparte, tazameni mto

Wanafunzi wapya wa historia ya vita vya Ulaya hupenda kuanza na pambano la Lodi, mji wa kaskazini mwa Italia kando ya mto Adda, ambako Wafaransa walipigana na Waaustria tarehe 10 Mei 1796, kwa kuwa lina kila kinachonogesha hadithi: jenerali Mfaransa wa miaka 26, Napoleon Bonaparte, daraja la mbao lenye urefu wa takriban mita 200, na mizinga ya Austria iliyoelekezwa darajani. Ushauri wangu ni kwamba, kabla hamjaandika hata aya moja kumhusu Bonaparte, mtafute ramani ya kaskazini mwa Italia na kuifuata mito Po na Adda kwa kidole.

Mkifanya hivyo mtagundua kwamba kivuko kilichoamua mambo hakikuwa Lodi. Tangu tarehe 7 Mei Wafaransa walikuwa wameanza kuvuka Po huko Piacenza, na Jenerali Beaulieu, kamanda wa jeshi la Austria, akihofia kukatiwa njia, akalirudisha jeshi lake mashariki ya Adda na kumwachia jenerali wake Sebottendorf kikosi cha nyuma cha kuulinda mto hapo Lodi. Kwa hiyo anayeandika kwamba daraja lile ndilo lililofungua njia ya Milan anasahau kuwa mji huo ulikuwa umekwisha kuachwa, isipokuwa askari waliobaki ngomeni.

Pambano lenyewe lisomeni polepole. Jioni ile safu ya askari wa miguu wa Kifaransa ilitoka langoni mwa mji ikakimbilia darajani, ikakwama kwa moto wa mizinga, hata maofisa wakuu, Masséna na Berthier wakiwamo, wakalazimika kujitosa mbele ili isonge tena. Wakati huo baadhi ya askari waliteremka kwenye nguzo za daraja hadi penye maji machache na kufyatua risasi kutoka huko chini. Wapanda farasi waliotumwa kutafuta kivuko upande wa juu wa mto walichelewa mno. Kina cha maji, kwa maoni yangu, kinastahili nafasi kubwa kuliko kile ambacho Bonaparte alijisikia moyoni usiku ule.

Katika taarifa aliyoipeleka Paris, Bonaparte alidai kwamba Beaulieu alikuwa amejipanga pale na jeshi lake lote, dai ambalo ramani haikubaliani nalo hata kidogo. Kwa sababu hiyo idadi ya waliokufa nayo msiinakili kutoka upande wake pekee. Tafuteni na hesabu za Waaustria, hata kama Kijerumani kitawachelewesha.