Mkaa, kikohozi na mishale ya kuchora kwanza

Umepewa data za moshi wa mkaa na kikohozi cha watoto, tuseme za Tandale au Manzese, Dar es Salaam, na unataka kujua kama kupikia mkaa ndiko kunakowaletea kikohozi. Usifungue programu ya takwimu kwanza. Chukua karatasi, andika "mkaa" huku na "kikohozi" kule, kisha chora mishale ya kila kinachosukuma vyote viwili. Kipato kitajitokeza mapema: asiye na hela ya kujaza mtungi wa gesi anapikia mkaa, na mara nyingi ndiye anayelala na watoto wanne chumba kimoja, ambako mafua huambukizana upesi. Kipato hicho ukidhibiti, yaani linganisha kaya zenye kipato kinachofanana. Lakini kiwango cha moshi chumbani usikidhibiti, maana ndicho kinachobeba athari kutoka jikoni hadi kifuani. Ukikidhibiti umefuta ulichokuwa unakitafuta. Kosa hili linaharibu kazi nyingi nzuri.

Kisha angalia nini kilitangulia. Mama mwenye mtoto wa pumu hulitoa jiko uani. Mdodosaji akipita mara moja tu, atakuta wanaopikia nje ndio wenye watoto wagonjwa, na jedwali litaonyesha kana kwamba kupikia ndani kunakinga! Dodoso liulize: "Kabla hajaanza kukohoa, mlikuwa mnapikia wapi?" Bora zaidi, andikisha watoto wakiwa wazima, uwafuatilie. Katika mambo 9 ya kupimia kama kitu kinasababisha ugonjwa, aliyoyaorodhesha mtakwimu Mwingereza Austin Bradford Hill mwaka 1965, hili la kisababishi kutangulia halina mjadala.

Masika, Machi hadi Mei, yana mtego wake. Mvua inaingiza jiko ndani, na watu nao wanabanana ndani. Juu ya hapo, vipima vumbi vya bei nafuu vinavyotumika kupima moshi husoma kwa mwanga, na hewa ikiwa na unyevu mwingi chembe hufyonza maji na kuvimba, kipimo kikapanda bila moshi kuongezeka. Weka kipima chako kando ya mashine ya rejea, yaani ile ya kuaminika ya kulinganishia, wiki mbili wakati wa mvua na wiki mbili za kiangazi, usahihishe namba, halafu linganisha kaya zilizopimwa ndani ya wiki ileile.

Ukimaliza, rudia uchambuzi uleule kwa kuhara badala ya kikohozi. Moshi hauharishi. Uhusiano ukitokea hata hapo, ujue umaskini bado umejificha kwenye namba zako: swali la mapato ya mwezi halikutosha. Uliza maji wanachota wapi, choo wanachangia kaya ngapi, chumba kimoja wanalala wangapi.