Wasomaji Mnauliza: Yule daktari mkimbizi wa TB aliishia wapi?

Toleo lililopita tuliandika mistari miwili tu kuhusu Walter Pagel, daktari Myahudi wa Ujerumani aliyekimbilia Uingereza 1933 na kutumia miaka yake mingi kuchunguza kifua kikuu. Kumbe mistari miwili ndo imewachokoza. Leo safu nzima ni yake.

Shikamoo mzee wa safu. Mimi ni nesi, natokea Uvira, kwa sasa niko kambi ya Nyarugusu. Huyo Pagel alipofika Uingereza walimpokea kwa cheo chake au alianzia chini kama sisi wengine? – Msomaji, Kasulu

Marahaba mwanangu, na pole kwa hali ya huko. Kazi alipata, ila hadhi aliyokuwa akiielekea kwao hakuipata tena kwenye chuo chochote cha Uingereza, na hapo ndo wanaosimulia habari zake hupenda kuparuka.

Alizaliwa Berlin 1898. Baba yake, Julius Pagel, alikuwa daktari na hapohapo mwandishi wa historia ya tiba, kwa hiyo mtoto kakulia katikati ya wagonjwa na vitabu vikuukuu. Akasoma udaktari Berlin, akafanya kazi hospitali ya TB ya Sommerfeld nje ya jiji, na kufikia 1933 alikuwa mhadhiri wa patholojia (kuchunguza ugonjwa kwa kupasua maiti na kuangalia viungo vyao) chuo kikuu cha Heidelberg. Sasa Hitler kashika nchi Januari, tarehe 7 Aprili ikatoka sheria ya kuwafukuza Wayahudi kwenye ajira za serikali, na vyuo vikuu vya Ujerumani vilikuwa vya serikali, basi, kazi ikafa. Akapita Paris kwanza, yeye na mkewe Magda ambaye naye alikuwa daktari, na mtoto wao Bernard wa miaka 3, halafu wakavuka kwenda Uingereza.

Huko nako usidhani madaktari wakimbizi walipigiwa vigelegele. Wenyeji wengi walihofia kugawana wagonjwa na wageni, na mkubwa wao mmoja, Lord Dawson, rais wa chuo cha kifalme cha matabibu London, aliiambia serikali mwaka huohuo kwamba wakimbizi wenye cha kuwafundisha Waingereza wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ndivyo alivyosema, wala hakuona haya. Madaktari wengi kutoka Ujerumani ikabidi wakae darasani na kufanya mitihani upya, wengi wao Scotland, mtu ana mvi zake kichwani na wagonjwa zaidi ya elfu alishawatibu anaulizwa maswali ya mwanafunzi. Hilo naona unalijua kuliko mimi.

Pagel yeye, kwa maoni yangu, alikingwa na aina ya kazi aliyokuwa nayo, maana mtu wa patholojia hagombanii mgonjwa na yeyote, makazi yake ni maabara na mochwari. Tena akapata nafasi mahali ambapo wakubwa wengi wasingetaka kwenda: Papworth, kijiji cha wagonjwa wa TB karibu na Cambridge, kilichoanzishwa na Pendrill Varrier-Jones. Pale mgonjwa alikuwa halazwi akasubiri kufa, anapewa nyumba, anahamia na familia, na kadiri nguvu zinavyorudi anafanya kazi karakana, useremala, kutengeneza masanduku ya safari, kuchapa. Analipwa mshahara. Kumbuka hapo dawa ya TB hakuna kabisa! Pagel alikaa huko hadi 1939, akahamia hospitali ya Central Middlesex magharibi mwa London, iliyoanza kama hospitali ya mafukara wa Willesden, na 1956 akaenda Clare Hall, hospitali ya kifua nje ya jiji, mpaka 1967. Yaani ni hospitali za watu wa kawaida mwanzo mwisho.

Mambo vipi. Mi niko mwaka wa 3 udaktari hapa Dar. Hivi mtu wa kupasua maiti anamsaidia nini mgonjwa wa TB? Naona Koch alishamaliza kila kitu. – Msomaji, Upanga

Poa. Robert Koch, daktari wa Kijerumani, aliionyesha dunia mdudu wa TB, sawa, tarehe 24 Machi 1882, palepale Berlin. (Na kwa taarifa yako huyohuyo Koch mwaka 1897 alikuwa hapo mjini kwenu anahangaika na malaria hospitali ya Ocean Road, ukipita pale ufukweni tupa jicho.) Ila mdudu peke yake hakuelezi kwa nini watu wawili wanalala chumba kimoja, wanavuta hewa ileile, mmoja anazeeka salama na mwenzake anatema damu akiwa kijana.

Chukua pafu la mzee aliyekufa kwa kitu kingine kabisa. Kisu kinapita laini laini, halafu ghafla kinakwaruza, kuna kitu kigumu kama punje ya mchanga ndani ya nyama. Hicho ni kidonda cha TB cha utotoni kilichogeuka chokaa, na ukifuata njia yake hadi kwenye tezi za mzizi wa pafu utakuta kingine. Jozi hiyo inaitwa kompleksi ya Ghon. Maana yake mzee aliambukizwa akiwa mdogo, mwili ukamfungia mdudu ndani, mzee akaishi maisha yake yote bila habari. Sasa weka pembeni pafu la kijana aliyekufa na TB yenyewe: huku juu karibu na ncha kuna tundu linaloingia kidole gumba, kuta zimelika, na limefungukia kwenye njia ya hewa, kwa hiyo kila akikohoa wadudu wanatoka na makohozi.

Ubishi wa zama zile ulikuwa hapo. Je, hilo tundu ni la kidonda cha zamani kilichoamka au kaambukizwa upya ukubwani? Mjerumani mwingine, Karl Ernst Ranke, alikuwa ameipanga TB katika hatua 3, karibu kama kaswende, na Pagel tangu miaka ya 1920 alikuwa akizipima hizo hatua kwenye mapafu halisi na kwa wanyama wa maabara, akiangalia hasa mzio na kinga, maana sehemu kubwa ya uharibifu haifanywi na mdudu, inafanywa na mwili wenyewe unapopambana naye. Ukiniuliza mimi hilo ndo jambo zito kwenye kazi yake. Na swali la kuamka au kuambukizwa upya bado mnalo hadi leo, tofauti ni kwamba nyie mna vipimo vya vinasaba vya kulijibu, yeye alikuwa na kisu na hadubini.

Je, wakati wake dawa zilikuwepo? – Mama wa watoto wanne, Tanga

Mwanzo hapana, mama. Ukitaka kuona mabadiliko tazama kitabu kikubwa cha TB ya mapafu alichoandika na wenzake Kayne na O'Shaughnessy. Kilipotoka 1939 matibabu yalikuwa kupumzika, hewa safi, na kuliangusha pafu kwa kujaza hewa kifuani ili tundu lifunge. Laurence O'Shaughnessy, aliyekuwa mpasuaji, aliuawa vitani mwaka uliofuata, jeshi la Uingereza likirudi nyuma kuelekea Dunkirk. Dawa ya streptomaisini ikapatikana 1943, nyingine, aisoniazidi, ikaingia 1952, na toleo la 4 la kitabu lilipotoka 1964 TB ilikuwa ugonjwa unaotibika, ila dozi ilikuwa ya mwaka na zaidi. Kuifupisha hadi miezi 6 kulithibitishwa kwa wagonjwa wa huku kwetu, Kenya, Uganda, Tanzania pamoja na Zambia, na matokeo yakachapishwa 1972. Hiyo watu hawaisemi sana sijui kwa nini! Na mama, kama nyumbani kuna anayekohoa zaidi ya wiki 2 mpeleke kituoni, vituo vya serikali hawatozi hela ya dawa za TB.

Nimesoma kwamba alishinda tuzo za historia, sio za TB. Sasa alikuwa daktari au mwanahistoria? Na nyaraka zake naweza kuziona? – Msomaji, London

Vyote viwili, bwana. Akiwa Papworth alikuwa karibu na Cambridge, akashirikiana na Joseph Needham, mwanasayansi wa chuo cha hapo, na 1938 wakahariri pamoja kitabu cha mihadhara ya historia ya sayansi. Mchana pafu, jioni Kilatini. Akaandika kuhusu matabibu wa zamani wa Ulaya: Paracelsus 1958, William Harvey na mzunguko wa damu 1967, na Van Helmont 1982, mwaka mmoja kabla hajafariki. Medali ya Sarton ya historia ya sayansi alipewa 1970, na akademia ya Uingereza ikamchukua 1976, umri huo wenzake wanalea wajukuu.

Watu huona ni kazi mbili tofauti, mi sikubali. Van Helmont alishikilia kwamba ugonjwa ni kitu chenye mbegu yake kinachoingia mwilini, wakati matabibu wa kale walisema ni mwili tu umepoteza mizani, na ubishi huo ndo uleule Pagel aliokuwa nao mezani kila asubuhi, mdudu au mwili. (Bernard, yule mtoto wa miaka 3, akaja kuwa mtaalamu wa nyota, akichunguza zimeundwa na elementi gani. Ukoo wa kuchungulia!)

Kuhusu nyaraka, ziko mjini kwako hapo, maktaba ya Wellcome, Euston Road. Kujiandikisha ni bure, ila nyaraka za hifadhi unaagiza mapema kwenye katalogi yao, usiende mikono mitupu ukadhani utaletewa siku hiyohiyo. Ukitaka pia kuona jinsi wasomi wakimbizi kwa jumla walivyotafutiwa kazi, nenda maktaba ya Bodleian pale Oxford, kuna faili za lile baraza la kuwasaidia lililoanzishwa 1933 na William Beveridge na wenzake. Baraza lenyewe bado lipo, siku hizi linaitwa Cara, na dada yangu wa Kasulu ajue kwamba wao husaidia wahadhiri na watafiti, sio manesi, kwa hiyo kwa suala la leseni aanzie baraza la wauguzi la nchi aliyopo.