Kabla Hujaanzisha Klasta, Uliza Nani Ataiamkia Usiku

Wiki jana msomaji mmoja wa Kisumu aliniandikia: "Kaka, bosi anataka tuhamie Kubernetes kabla ya Juni. Idara nzima ya teknolojia ni mimi. Nianzie wapi?" Kwa asiyeijua, Kubernetes ni programu ya kusimamia kontena, yaani programu zilizofungashwa pamoja na kila zinachohitaji, kwenye kundi la seva linaloitwa klasta. Nilimjibu kwa kirefu, na kwa kuwa najua mko wengi mlio katika hali yake, jibu lenyewe nalileta hapa.

Usianze. Mwambie bosi akueleze kwanza kazi yenu inaingiaje: kidogo kidogo mchana kutwa, au kwa mafuriko? Swali hilo ndilo linaloamua.

Mimi nalea mfumo wa kupokea karo za shule kupitia M-Pesa. Anayeijua kalenda ya shule Kenya anaelewa mambo yanavyokwenda. Shule zikifunguliwa Januari, wazazi wanalipa kwa mkupuo kuanzia alfajiri. Katikati ya muhula kunakuwa kimya, siku nzima yanaingia malipo ya kuhesabika. Mzazi akishaweka namba yake ya siri, Safaricom wanatuma taarifa ya malipo kwenye anwani yetu, na lazima awepo wa kuipokea papo hapo. Asipokuwepo, mzazi ana ujumbe wa M-Pesa mkononi, mhasibu haoni kitu, na mtoto amesimama getini na sanduku lake.

Kwetu anayepokea ni funkisheni ndogo, yaani kipande cha programu, kwenye Lambda, huduma ya Amazon inayokiendesha pale tu kinapoitwa. Kazi yake ni moja: kuichukua taarifa, kuiweka kwenye foleni na kujibu "imefika". Funkisheni ya pili inaitoa kwenye foleni, inatafuta namba ya mwanafunzi, inaandika kwenye hifadhidata na kutoa risiti. Seva wanazitunza Amazon. Maombi milioni 1 ya kwanza kila mwezi ni bure, baada ya hapo ni dola 0.20 kwa kila milioni, pamoja na muda wa uchakataji unaohesabiwa kwa milisekunde. Januari hii wazazi waliingia wote kwa pamoja, risiti zikatoka, nami nikalala usingizi wangu. Najivunia hilo na sioni haya kulisema.

Nalisema kwa sauti kwa sababu niliwahi kudharauliwa kwa mfumo huu huu. Niliupeleka kwa kampuni moja iliyokuwa inatafuta mtu wa kuijengea mfumo wake. Mshauri wao akautazama mchoro wangu, akauliza, "Klasta iko wapi?" Nikamjibu haipo, haihitajiki. Akausukuma mchoro kando, akasema wao wanataka miundombinu ya kampuni kubwa. Wenzake wakacheka. Kazi ikapewa mwingine. Kicheko kile bado kinaniuma, maana hakuna hata mmoja aliyeuliza malipo ni mangapi, au yanaingia saa ngapi.

Klasta si pambo la kuonyesha wageni. Kwenye EKS, huduma ya Kubernetes ya Amazon, kabla hujawasha nodi (seva ya klasta) hata moja, unalipa dola 0.10 kwa saa, yaani kama dola 73 kwa mwezi, iwe shule zimefunguliwa au zimefungwa. Kubernetes hutoa matoleo mapya karibu matatu kwa mwaka, na kila toleo huhudumiwa takriban miezi 14. Ukichelewa kupandisha toleo, EKS inakutoza dola 0.60 kwa saa. Hapo bado hujagusa diski iliyojaa, cheti kilichoisha muda, nodi iliyozimika Jumapili. Mwenye kampuni ambaye hana watu wawili wa kushika zamu hiyo asimtwike kijana mmoja, kisha akamlaumu mfumo ukianguka. Hiyo ni dhuluma, na nimeona vijana wazuri wakiacha kazi kwa ajili yake.

Kuna watakaokutajia Prime Video, huduma ya filamu ya Amazon. Ni kweli, mwaka 2023 walieleza jinsi walivyokihamisha chombo chao cha kukagua ubora wa video kutoka mfumo usio na seva, yaani wa namna ya Lambda ambapo seva si kazi yako kuzitunza, gharama ikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Lakini kazi ile ni ya kuchambua video mfululizo bila kupumzika. Kazi ya namna hiyo haki yake ni kontena, na hata wao waliipeleka ECS, huduma nyingine ya Amazon ya kuendesha kontena, si Kubernetes. Ukiwa na mzigo mzito usiopungua usiku na mchana, au kazi moja inayozidi dakika 15 ambazo Lambda inaruhusu, nenda kwenye kontena bila kusitasita.

Ukichagua njia yangu, chunga hifadhidata. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kwa kawaida huja ikiruhusu miunganisho 100 tu, na funkisheni zinaweza kuchipuka mia kadhaa kwa dakika, kila moja ikidai muunganisho wake. Ndiyo maana ya ile foleni, na ndiyo maana funkisheni ya pili nimeiwekea kikomo isizidi 20 kwa wakati mmoja. Funkisheni iliyokaa bila kuitwa nayo huchelewa kuamka, hasa iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Na weka tahadhari ya bili siku ya kwanza kabisa, kabla ya kuandika mstari wowote wa programu.

Bosi akishikilia kwamba lazima kontena, mpe kontena bila klasta. Cloud Run ya Google inaichukua kontena yako, inaizidisha wateja wakija, inaishusha hadi sifuri wakiondoka. Lambda nayo inapokea kontena za hadi GB 10 tangu 2020. Hamisha huduma moja tu, ile inayopokea malipo, iendeshe muhula mzima, kisha mwekee bosi bili mezani pamoja na bei ya klasta aliyokuwa anaitaka.