Tabo kubwa kwenye Forester, kufunga mwenyewe nyumbani
Umeuliza kama unaweza kutoa tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) ya TD04 kwenye Subaru Forester yako ukafunga TD05 iliyo kubwa zaidi mwenyewe. Kufunga unaweza kabisa, ila usiende nayo barabarani na programu ile ile ya kiwandani kwenye kompyuta ya injini. TD05 inasukuma hewa nyingi kuliko TD04 uliyotoa, petroli isipoongezwa kwenye programu joto linapanda na pistoni za injini yako ya EJ20 zinapasuka, mi nimeshafungua injini mbili zilizokufa hivyo. Halafu angalia ile bolti ya paipu inayopeleka oili kwenye tabo, nyingi zina kichujio kidogo ndani, kikiziba tabo mpya inakufa kama ya zamani, kwa hiyo kitoe usafishe au weka kipya. Mimina oili kwenye tabo kwanza, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, piga staata mpaka taa ya oili izime, rudisha fyuzi ndo uwashe.